Safiya wa Kekele na Mafundo Aliyoyakata

Saa moja asubuhi jua bado halijavuka paa la ukumbi, na Safiya Bilali amekwisha kupindua kiti. Miguu minne inatazama juu. Yeye amekaa mkekani, ndoo ya maji ubavuni, na ndani ya ndoo kanda za kekele zinaloa. Anachomoa ukanda mmoja, anaukung'uta, anauuma kidogo kwa meno ya mbele kupima kama umelainika, kisha anauweka pajani.

Kabla ya kusuka, anaingiza mkono chini ya kiti. Anapitisha kidole kwenye upau unaounganisha miguu, polepole, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

"Zamani nilianza na kisu," anasema. "Sasa ninaanza na kidole."

Kilichombadilisha ni ziara ya siku moja, ya wazee waliokuja kutazama shule yao. Ziara hiyo nusura imtoe kwenye baraza hii.

Baraza ni ya chuo kimoja cha zamani mjini Kisangani ambacho watu wa hapa hukiita Collège tu, kana kwamba hakuna kingine. Kilijengwa ukingoni mwa mto miaka ile ya kuzunguka uhuru. Matofali yake ni mekundu, korido zake ziko wazi upande mmoja ili upepo upite, na ngazi za jengo kubwa zimelika katikati kwa miguu ya waliosoma. Ukisimama hapa unaona mto mpana, mitumbwi inayovusha watu, na ng'ambo ya pili mabati ya mtaa wa Lubunga.

Wageni hawakosi. Huja wanafunzi wa sekondari, familia zinazotafuta jina la babu kwenye picha za zamani, na mara mojamoja watu kutoka mbali wenye kamera. Mlinzi huwatembeza maktaba, kengele na ngazi. Mwisho wa matembezi ni baraza ya Safiya, kwa kuwa iko njiani kuelekea lango.

Wanachuo humwita Mama Kekele, kwa jina la mti mtambazi wa msituni anaousuka, ambao kwingine huitwa henzirani.

"Mama Kekele, kila siku uko hapa, lini utaingia darasani?" anamtania kijana mmoja akipita na begi.

"Siku mutaacha kuvunja viti," anamjibu bila kuinua macho. "Donc hapana leo."

Safiya ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa mtaa wa Kabondo, katika ukoo wa Waislamu waliofika mjini zama za misafara ya biashara wasiondoke tena. Baba yake, marehemu Bilali Ramazani, alikuwa msusi wa viti na vikapu. Wavulana wake walikwenda kuendesha pikipiki barabara ya Bafwasende. Binti alibaki nyumbani, akatazama mikono ya baba, na akiwa na miaka kumi na minane aliuza kiti chake cha kwanza.

Baba alikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na mjadala: chini ya kiti pawe safi kama juu.

"Alikuwa anapindua kiti changu kabla ya kukitazama," anakumbuka. "Akiona ncha moja inaning'inia, anasema, 'Hizi ni nywele za mwendawazimu. Kata.' Nilikuwa ninakata mpaka vidole vinauma."

Kekele yake hutoka misitu ya njia ya reli ya Ubundu. Mume wake, Daudi, huipokea Lubunga ikiwa imefungwa mafurushi marefu, huivusha kwa mtumbwi, kisha huibeba juu ya toleka, baiskeli ya kubebea watu na mizigo, mpaka chuoni. Hapo kazi ya Safiya huanza: kukwangua, kupasua, kuanika, kuloweka, kusuka. Mwezi mzuri humaliza viti kumi na viwili. Masika, kekele inapogoma kukauka, hata sita ni bahati.

Kazi nyingi anazopata nje ya chuo huletwa na wageni hao hao. Mtu anapita, anatazama, anauliza, wiki inayofuata analeta kiti cha mama yake. Kabondo hana mahali pa kufanyia kazi. Nyumba ina vyumba viwili, na uani mvua ikianza kila kitu kinahamia kitandani.

Kwa hiyo mwaka jana alipoambiwa kwamba baraza inaweza kuchukuliwa, hakulala vizuri. Chama cha wanafunzi wa zamani kilikuwa kimejitolea kulipia gharama za viti vya ukumbi mkuu. Baadhi ya wanachama walitaka vya plastiki, vyepesi na visivyohitaji fundi. Wengine walitaka vile vile vya zamani vitengenezwe: mbao nyekundu ya lifaki, kikalio cha kekele, arobaini kwa idadi. Madame Rosine, msimamizi wa majengo ya chuo, alimweleza Safiya bila kuzunguka.

"Tengeneza hivi arobaini. Wazee watakuja kutembelea, wataona kwa macho yao, halafu wataamua. Wakichagua plastiki, baraza hii itakuwa stoo ya plastiki. Sitakudanganya."

Safiya akaanza. Na tangu kiti cha kwanza alikuta jambo lililomkera. Chini, kwenye upau wa kila kiti, palikuwa na vifundo vya kekele. Kiti kingine kilikuwa na kumi, kingine zaidi ya thelathini, vimepandana, vyeusi kwa uchafu, vingine vimefungwa hovyo kama kamba ya mbuzi. Havikushika chochote. Havikuzuia chochote.

"Nikasema, hii ni kazi ya fundi mubaya aliyepita mbele yangu. Nilimutukana moyoni," anasema. "Baba angeviona, angelia."

Akavikata vyote. Alisugua pau kwa mchanga mpaka lifaki ikang'aa. Kanda za zamani, hata zenye vifundo, hakuzitupa, kwa kuwa kwake kitu hakitupwi: alizibeba nyumbani, zingine akawashia jiko, zingine akafungia banda la kuku. Siku ya ziara ilipofika alikuwa amemaliza viti ishirini na vinane. Kumi na viwili vilibaki stoo, vimechanika vikalio, vikisubiri zamu yao.

Walifika Jumamosi. Wengine walitoka Kinshasa kwa ndege, wengine Isangi na Yanonge kwa boti, wengine mitaa ya hapa hapa kwa miguu. Walipanda ngazi zilizolika wakishikana mikono, wakiitana kwa majina ya utani ambayo wajukuu wao hawayajui. Safiya alisimama mlangoni mwa ukumbi, amevaa kitenge kipya. Viti vyake vilikuwa mistari miwili, vinang'aa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Germaine, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja, mwenye sauti ya kufika ng'ambo. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akainama, akaingiza mkono chini. Akahamia cha pili. Nyuma yake wakaingia wengine, nao wakainama. Muda si muda ukumbi mzima ulikuwa wazee waliopinda migongo, mikono chini ya viti, kama watu waliopotelewa na pete.

Safiya anacheka sasa anaposimulia, huku ameziba uso kwa kiganja.

"Mimi nilifurahi! Nikasema, aa, hawa wanajua viti. Wanakagua chini. Tazameni basi, chini ni safi."

Mama Germaine akainuka, akashika kiuno.

"Bon. Mafundo yetu iko wapi?"

Madame Rosine akamtazama Safiya, Safiya akatazama viti.

Ndipo ikaelezwa, kwa vipande, kila mzee akimkatiza mwenzake. Zamani mwanafunzi alipomaliza kutetea kazi yake ya mwisho mbele ya majaji, alitolewa nje ya mlango. Majaji walibaki ndani kujadiliana. Yeye aliketi koridoni kwenye kimoja cha viti hivi, peke yake, akitazama mlango uliofungwa. Wakati mwingine nusu saa, wakati mwingine zaidi. Mikono ilitafuta cha kufanya. Mmoja, hakuna anayejua nani, alichomoa ukanda uliolegea akaufunga chini ya kiti. Mwaka uliofuata wakafunga wote. Ikawa desturi: ukanda mmoja, mikono chini, macho mlangoni, bila kuchungulia. Ukikaza fundo kabla mlango haujafunguka, umepita.

"Na ukichelewa?" aliuliza Madame Rosine.

"Ukichelewa unapita pia, lakini kwa jasho," alisema Mama Germaine. "Mutu gani amekata?"

Desturi hiyo ilikatika miaka ya vita, chuo kilipofungwa na wanafunzi kutawanyika. Waliorudi walikuwa wengine, na viti vilikuwa vimefungiwa stoo. Safiya alifika kwenye baraza hii miaka mingi baadaye. Madame Rosine naye alikuja baada yake. Hakuna aliyekuwa amebaki wa kuwaambia.

Safiya akapiga hatua mbele. "Ni mimi, mama. Niliyakata. Nilidhani ni uchafu."

"Uchafu!" Mama Germaine akageukia wenzake. "Mumesikia? Amekata diplôme yetu, ameita uchafu!"

Baadhi wakacheka. Mzee mmoja mfamasia alisema kwamba viti sasa ni viti tu, akatoka nje, na hakurudi ukumbini siku hiyo. Lakini aliyemtia Safiya hofu alikuwa mwingine: Papa Jérémie Lifoko, hakimu mstaafu, mwenyekiti wa chama. Yeye ndiye ambaye neno lake lingeamua baina ya kekele na plastiki.

Papa Jérémie alikuwa amekipata kiti chake. Alikitambua kwa alama ya kuungua mgongoni, pale mtu alipowahi kuegemeza pasi ya makaa. Alikipindua mwenyewe. Alitazama upau uliosuguliwa. Akakirudisha sawasawa, polepole, akaenda kuketi kwenye kingine.

"Safiya, umetumaliza," alinong'ona Madame Rosine.

Viti kumi na viwili vya stoo vikaletwa na vumbi lake. Wazee wakavizunguka kama watoto kwenye sahani. Mama Germaine alipata fundo lake akapiga kigelegele. Alilijua, alisema, kwa sababu anatumia mkono wa kushoto na limekaa upande ambao hakuna mwingine angelifunga. Ambao hawakupata kitu wakasimama bila la kufanya, mpaka mmoja wao akamgeukia Safiya.

"Mama, basi tupe kekele mpya. Tufunge tena."

Akawagawia kutoka ndoo yake. Wakaketi, mikono chini, macho mlangoni.

"Usichungulie, wewe!" alifoka Mama Germaine. "Ninakuona! Hata ile mwaka ulichungulia!"

Vidole havikuwa vile vya zamani. Kanda zikaanguka sakafuni. Mtu akaufungua mlango kwa makusudi na kupaza sauti, "Majaji wametoka!" na wote ambao hawajakaza wakazomewa.

Papa Jérémie peke yake hakuomba ukanda. Alikula chakula kilichoandaliwa, samaki wa kwenye majani na makemba, ndizi za kupika, akashukuru wapishi.

Jioni, magari yakiwa yanaondoka, alirudi kwenye baraza. Safiya alikuwa anakunja mkeka.

"Mama, ulitupa wapi?"

"Zingine nilichoma, papa." Akasita. "Zingine ziko kwangu. Kwa banda ya kuku."

Hakimu akatoa kalamu mfukoni.

"Kesho nitakuja. Nielekeze nyumba."

Jumapili asubuhi pikipiki ilimshusha Kabondo. Alivua koti, akalikunja, akaliweka kitini. Ndipo alipomwambia Safiya na Daudi habari ambayo hakuisema ukumbini.

Alikuwa na rafiki, Henri, mtoto wa wavuvi wa Isangi. Walishiriki chumba kimoja, taa moja, kitanda cha pili kikiwa mkeka. Waliandika kazi zao za mwisho mezani pamoja. Henri alimaliza wa kwanza, akanakili safi, akapangiwa siku ya kutetea. Akashikwa na homa, akafa kabla ya siku yenyewe. Jérémie alitetea ya kwake wiki chache baadaye. Alipotolewa koridoni, alifunga mafundo mawili kwenye ukanda mmoja, yamegusana. Moja lilikuwa la Henri.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Nilikuwa nikipita Kisangani kikazi, ninaomba ufunguo wa stoo, ninagusa, ninaondoka."

Kisha akachuchumaa mbele ya banda. Kuku wakakimbia kona. Safiya naye akachuchumaa, na wakaanza kutazama kanda moja moja, yeye juu, mzee chini. Jirani aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, aliacha mchi.

"Safiya! Hakimu amekuja kushitaki kuku?"

"Ni jogoo," alijibu hakimu bila kugeuka. "Anakataa kujibu."

Walipofika kwenye bawaba ya mlango mzee alisimamisha mkono. Palikuwa na ukanda wa zamani, mweusi, na juu yake mafundo mawili yamegusana.

Safiya aliyaona wakati ule ule. Aliona pia jambo jingine. Angeweza kunyamaza. Baraza, viti, kazi yake yote ya kesho ilikuwa imechuchumaa pale mbele yake, imeshika ukanda mweusi.

"Papa," alisema, "nitakuambia ukweli. Mulango ya kuku ninafungaka mara mbili. Ni zoezi yangu, mukono umezoea. Haya mafundo yanaweza kuwa ya kwangu."

Mzee hakuinua uso.

"Ninajua. Nimeona mlango wa jiko lako, umefungwa vilevile." Alipitisha kidole gumba juu ya mafundo. "Miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuomba watu ushahidi. Leo nimekuja bila kazi. Nikatie hii."

Safiya akaukata, akiacha urefu pande zote mbili. Mlango wa banda ukaning'inia upande mmoja, kuku wawili wakatoroka, na hakimu akaushikilia mlango huku Safiya anafunga upya kwa ukanda mpya. Mara moja. Mara mbili. Wote wawili waliona, na hapo ndipo mzee alipocheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Ukanda wa zamani ukipindwa mkavu huvunjika. Safiya aliulaza majini usiku kucha. Jumatatu alfajiri aliubeba chuoni ndani ya jani la mgomba, akauzungusha kwenye upau wa kiti chenye alama ya pasi, akauficha mwanzo na mwisho, akaacha mafundo mawili yaonekane.

Mchana wake chama kilikutana. Leo, kwa simu kutoka Kinshasa, Papa Jérémie hafichi alichokuwa nacho moyoni. "Jumamosi nilikuwa nimeamua plastiki. Nilikuwa na hasira, na hasira haina haja ya kiti kizuri. Kama mama yule angeniambia, 'Ndiyo, ni yako, papa,' ningeyachukua na kuondoka, na pengine ningepiga kura ile ile. Lakini asilolijua aliniambia hajui. Nikasema, huyu abaki na viti vyetu."

Uamuzi ulikuwa plastiki kwa darasa kubwa la chini, kekele kwa ukumbi. Madame Rosine alikuja kuutangaza barazani akiwa amesimama.

"Utabaki hapa. Lakini usikate kitu tena bila kuniuliza."

"Nitakuuliza," alisema Safiya. "Na wewe utajibu nini? Wewe pia hukujua."

Madame Rosine akavuta kiti akaketi.

Ushindi huo haukumfanya Safiya tajiri. Kekele imepanda bei tangu treni ya Ubundu ianze kusuasua, na Daudi husubiri furushi moja hata wiki mbili Lubunga. Mfamasia aliyetoka ukumbini hajarudi, na Safiya anasema hamlaumu. Fundo lake huenda lilipikia chai.

Sasa amebakiwa na viti vitano kati ya vile kumi na viwili. Anavisuka bila kugusa mafundo, akipitisha kanda mpya kandokando yake, kazi inayochukua karibu mara mbili ya muda. Akimaliza, anapanga kurudi kwenye vile ishirini na vinane vilivyo tayari. Hakuna aliyemwagiza na hakuna atakayemlipa. Atapindua kila kimoja na kuongeza kitu.

Kitu chenyewe anakionyesha kwenye kiti cha leo. Amekaza ukanda wa mwisho, kikalio kinalia kama ngoma akikipiga kwa kidole. Chini, pale ambapo angekata, ameacha ncha ya urefu wa kiganja inayoning'inia.

"Baba angepindua, angesema nywele za mwendawazimu," anasema, na uso wake si wa mzaha kabisa. Anaishika ile ncha, anaitazama, kisu kiko karibu. Anaiachia.

Wiki iliyopita mwanachuo mmoja, Chimène, alikuja kuuliza kama ni kweli habari ya mafundo. Atatetea kazi yake mwezi ujao. Safiya alimwonyesha kiti, naye akaketi kukijaribu, akapeleka mikono chini, akatazama mlango wa ukumbi uliokuwa wazi, hauna mtu.

"Siku yake watamutoa hapa nje, watafunga mulango," anasema Safiya. "Mimi nitakuwa pale na ndoo yangu, sitamusemesha. Majaji watakuwa ndani. Mikono yake itatafuta."

Anakisimamisha kiti kwa miguu yake minne, anakisukuma mpaka ukutani, mkabala na mlango.

"Basi ikute kitu."